Kurasa Nilizozibandika

Wenzangu mnaobaki shuleni, mlinipa kitenge na saa ya ukutani, mkanisomea risala ndefu iliyonitaja kama mtu ambaye hakuwahi kuyumba. Nilishukuru, nikala wali, nikarudi nyumbani na aibu yangu. Mkuu wa shule aliniomba niandike kurasa chache za kumbukumbu ziwekwe kwenye faili la Idara ya Kiswahili, nanyi wageni mpate pa kuanzia. Vyeo sitaviandika. Vinajulikana, na kimoja nilikipata kwa sababu tu aliyestahili alipata uhamisho. Nitaandika juu ya kitabu kimoja nilichokiogopa kwa zaidi ya nusu ya utumishi wangu, na jinsi nilivyojificha nyuma ya hoja nzuri ili wanafunzi wa kidato cha tano wasikisome. Nayaandika nikiwa bado naogopa, maana nikisubiri woga uishe nitazikwa nao.

Siku yangu ya kwanza nilipanda Mgeta juu ya lori lililotoka kushusha kabichi Dar es Salaam, nimekaa katikati ya matenga matupu. Nilikuwa narudi kwetu, maana nyumba ya mama iko ng'ambo ya korongo, ukisimama kwenye uwanja wa paredi unaliona bati lake. Lakini nilikuwa nimevaa viatu vya kupendeza nilivyonunua Morogoro mjini, na kwenye njia niliyoipita utoto wangu wote nikaanguka mara mbili. Aliyenipokea ni Mwalimu Yohana, Mkaguru wa Gairo, mtu mrefu aliyelalamikia baridi tangu Januari mpaka Desemba. Alinitazama tope la magotini, akasema, "Karibu, Mwalimu Zainabu. Naona mlima umekwisha kukusaini."

Yeye ndiye aliyetunza maktaba, yaani makabati mawili na meza yenye mguu mmoja wa tofali. Kila ninachokijua cha kazi nilikipata kwake. Ukungu wa Mgeta hula vitabu kuliko panya, kwa hiyo weka kopo la mkaa mkavu kila rafu, na ubadilishe mkaa kila mwezi. Jalada la kitabu litengenezwe kwa karatasi ya katikati ya mfuko wa saruji, ile ya ndani kabisa ina vumbi litakalokuchubua vidole. Na zaidi ya yote alikuwa na sheria moja: kitabu hakitoki kabatini kwenda kwa mwanafunzi mpaka mwalimu amekisoma chote na kuandika jina lake kwa penseli nyuma, ndani ya jalada.

"Usimpe mtoto kitabu usichokimaliza," aliniambia. "Utakuwa unamtuma mahali usipopajua."

Nilimwona mzee mwenye ushamba wa kizamani. Mwaka wangu wa kwanza niliandika jina langu nyuma ya vitabu vinne ambavyo sikuvimaliza, na kimoja kilikuwa na mambo ya chumbani ukurasa wa mia na kumi. Mnaweza kukisia nilivyoitwa ofisini. Tangu hapo nikawa nasoma mpaka jina la mpiga chapa.

Mwalimu Yohana alipostaafu alinikabidhi funguo. Nilikuwa nazo miaka michache tu pale mtoto wa marehemu Mzee Salehe alipokuja na nakala mbili za kitabu alichoandika baba yake kabla ya kufa. Ninyi mliotoka mbali pengine mnalijua jina la Mzee Salehe kwa sababu zahanati inaitwa hivyo. Kwetu alikuwa mkubwa. Ujana wake alikuwa msaidizi wa bwana shamba wa serikali ya kikoloni, mmoja wa wale waliopita milimani kuwalazimisha watu wachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko. Baadaye akaiacha kazi hiyo, akahubiri uhuru vijiji vyote hivi kwa miguu, akafungwa, akatoka akiwa shujaa. Watu waliimba jina lake kwenye ngoma. Kitabu kilikuwa maisha yake yote, kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikisoma jioni mbili. Nawaambia kweli, ni kitabu kizuri. Mtu hajisifu. Sura ya matuta anaeleza alivyowaongoza askari mpaka milangoni mwa watu, anataja nani alipigwa na nani alitukanwa mbele ya wakwe zake, na halafu anasema waziwazi kwamba ni yeye. Sikuwahi kuona mkubwa akiandika hivyo. Nilikuwa nimeshachukua penseli niandike jina langu nyuma.

Kisha nikafungua kurasa mbili zinazomhusu Ramadhani. Huyu alikuwa mkulima aliyekataa katakata kuchimba matuta, akajificha kwenye pango juu ya kijito chetu. Askari walimtafuta wiki nzima bila kumpata. Mzee Salehe anaeleza kwamba asubuhi moja mtu alimjia mwenyewe, bila kuitwa wala kutishwa, akamwonesha pango lilipo. Ramadhani akachukuliwa kwenda jela mjini na hakurudi. Hata kaburi lake halijulikani. Mtu yule Mzee Salehe anamtaja kwa jina, kwa ukoo na kwa nyumba. Alikuwa Shabani, kaka wa mama yangu. Mjomba aliyenilea, aliyenipeleka shule, aliyenichongea kalamu ya kwanza ya mianzi.

Hapa niwaeleze wageni. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama. Baba anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini mjomba ndiye mwenye nyumba. Heshima yake ni yako na aibu yake ni yako. Na kila ukoo una watani wake. Watani ndio wanaochimba kaburi kwenu, ndio wanaopika, na ndio wenye ruhusa ya kumwigiza marehemu na kumtania mbele ya waombolezaji, na hakuna wa kuwakasirikia. Ukoo wa Ramadhani ni watani wetu tangu enzi na enzi.

Nikiwa nimeshika kile kitabu, yakanirudia maziko ya Mjomba Shabani. Nilikuwa msichana mdogo. Mtani mmoja, mwanamke, alivaa kanzu ya marehemu na kofia yake, akapita katikati ya watu akichechemea kama yeye, kidole cha shahada amekinyoosha mbele. Kila alipofika kwa mtu alimwelekezea kile kidole, akasema, "Huyu hapa! Huyu hapa!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikidhani wanamtania kwa kuwa alipenda kutuelekeza kazi za shamba. Sasa niko kwenye maktaba, mwanamke mzima, ndipo nikakielewa kile kidole.

Sikuandika jina langu nyuma. Nilichofanya ndicho ambacho sikumwambia mtu kwa miaka yote hiyo: nilikoroga uji mzito wa muhogo, ule tunaobandikia majalada, nikazibandika zile kurasa mbili pamoja, kwenye nakala zote mbili. Nikazikandamiza chini ya kamusi mpaka zikakauka, kisha nikavisukuma vitabu nyuma ya atlasi za zamani. Mwalimu aliyefundisha watoto maelfu kufungua kurasa.

Nilichoogopa hasa kilikuwa kitu kimoja, na nitakitaja kama kilivyo. Mama yangu alikuwa anazeeka. Nilijiambia, jina hili likisomwa darasani litashuka kijijini kabla ya kengele ya mchana, na ukoo wa Ramadhani watasema: hatuna watani tena kule. Na siku mama atakapofariki hakuna mkono utakaoshika jembe. Mliozaliwa mjini mtaniona mjinga. Kwetu kuzikwa bila watani ni sawa na kutupwa. Niliishi na hofu hiyo kama mtu anavyoishi na jino bovu, unatafuna upande wa pili, unacheka na watu, na ulimi haukomi kuligusa.

Miaka ikaenda. Nilifundisha, nikasahihisha, nikabadilisha mkaa kwenye makopo. Kila ukaguzi nilizisogeza zile atlasi mwenyewe. Ndipo miaka mitatu kabla ya kustaafu akaja Mwalimu Neema, mzaliwa wa Mikese, binti anayefundisha historia na Kiswahili, mwenye sauti ya kuwahutubia watu mia bila kipaza. Kwenye kikao cha idara akasimama na pendekezo lake: wanafunzi wa kidato cha tano wa mchepuo wa historia na lugha, HKL, wasome kitabu cha Mzee Salehe kama kitabu cha ziada. Ameshaongea na familia, watatoa nakala ishirini.

Yaani uji wangu ulikuwa umefunga nakala mbili tu.

"Wanasoma mashujaa wa mbali ambao hawakosei," alisema. "Huyu ni wa hapahapa, amekosea, na amekiri. Mtoto wa miaka kumi na saba akisoma hivi atajua mtu mzima ni nini."

Nilijibu kwa utulivu uliowashangaza wote, hata mimi. Nilisema kitabu cha mtu kujieleza maisha yake ni ushahidi wa upande mmoja. Nikasema mwandishi anapokiri ya kwake, anakiri na ya wengine ambao hawakumpa ruhusa, nao wamekufa, hawawezi kujibu. Nikasema wajukuu wao wako kwenye madawati yetu. Je, tuna haki ya kumfungulia mtoto aibu ya nyumbani kwao mbele ya wenzake arobaini, halafu tumpe zoezi la maswali matano?

Walimu wawili watatu walitikisa vichwa kunikubali. Hoja ile ilikuwa ya kweli, na hata leo nawaambia muipime kabla ya kumpa mwanafunzi kitabu cha aina hiyo. Lakini nilikuwa naitumia kama mtu anayejikinga mvua kwa Msahafu.

Mwalimu Neema hakukasirika. Aliuliza tu, "Mwalimu, wewe umekisoma chote?"

"Kidogo kidogo," nikasema.

Mkuu wa shule akaamua kwamba mimi, kama mkuu wa idara, nitoe mapendekezo kwa maandishi ndani ya wiki mbili. Nikikikataa, hakisomwi. Nilitoka kwenye kikao kile nikiwa na furaha ya mwizi aliyekabidhiwa funguo za stoo.

Kidato cha tano mwaka ule kulikuwa na msichana anaitwa Tatu. Wengi walipangiwa kwetu kutoka mikoa ya mbali, lakini yeye, kwa bahati yake na balaa langu, alipangiwa shule iliyo juu ya kwao. Bibi yake mzaa mama, Bibi Mwanaidi, ni mpwa wa Ramadhani yule wa pangoni. Ramadhani alikuwa mjomba wake hasa. Tatu alikuwa mpole, msomaji wa kumaliza rafu. Siku moja niliitwa mjini Morogoro kwenye semina, na funguo nikamwachia Mwalimu Neema. Niliporudi, atlasi zilikuwa zimesogezwa na pale nyuma kulikuwa na pengo la kitabu kimoja.

"Tatu alikuwa anatafuta cha kusoma wikiendi nyumbani," Neema aliniambia. "Nikampa kile cha Mzee Salehe. Ila kuna kurasa zimeshikana, sijui unyevunyevu."

"Unyevunyevu," nikasema.

Nilihesabu siku. Jumamosi sikula. Jumapili mama aliniuliza mbona nasimama mlangoni kila saa, nikamwambia naangalia kama mvua inakuja, na jua lilikuwa linawaka. Nyumba ya Bibi Mwanaidi iko chini yetu, moshi wa jiko lake hupanda mpaka uani kwetu. Moshi tu ulinitosha kuogopa. Jumatatu Tatu alinisalimu, "Shikamoo, mwalimu," akainamisha macho kuliko kawaida, na kitabu hakukirudisha. Sikumuuliza.

Jumatano, saa nne, kengele ya mapumziko, nikamwona Bibi Mwanaidi anapanda ngazi za mawe kwa fimbo, kitabu kimefungwa kwenye kanga. Alikuwa hajawahi kufika shuleni pale. Niliwaza kutokea mlango wa nyuma. Maktaba haina mlango wa nyuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sijaja kwa mwalimu. Mwalimu atoke nje, mtani wangu abaki."

Akaketi kwenye kiti changu, akafungua kanga, akaweka kitabu mezani. Zile kurasa zilikuwa wazi, zimejikunja pembezoni.

"Mjukuu wangu kazifungulia mvuke wa sufuria ya maharage," akasema. "Nani kazibandika?"

"Mimi, bibi."

"Ulidhani mjomba wako ni ugali, ukimfunika haonekani?" Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Kanisomea Tatu. Yote. Mjomba wangu kwenye pango, mjomba wako njiani asubuhi. Wewe uliijua lini habari hii?"

"Nilipokisoma. Ni zamani, bibi. Ninyi... mmejua sasa?"

Akakisogeza kitabu kando. Nilisikia wanafunzi wakigombania mpira nje.

"Kule makaburini, aliyevaa kofia ya Shabani ni nani, unamkumbuka?"

Nikatikisa kichwa, simkumbuki.

"Ni mimi. Nilikuwa na nguvu bado. Nilinyoosha kidole mpaka mkono ukaniuma. Mtani hana mahali pengine pa kusemea, anasemea pale, mbele ya watu wote. Halafu ninyi ndio mnatakiwa mje. Kesho yake, keshokutwa, mnakuja na kuku mkononi, mnasema mtani tumesikia, tunakaa, yanaisha. Mama yangu alipika uji wa kuwapokea siku tatu. Hakuja mtu. Mlicheka, mkaenda kulima."

"Sikuelewa, bibi. Nilikuwa mtoto."

"Wewe ulikuwa mtoto. Mama yako hakuwa mtoto."

Hapo nikaitoa ile hofu yangu yote, kwa sauti ambayo singependa mwanafunzi aisikie. Nikamuuliza kama siku ikifika watakuja kumzika mama.

"Tutakuja," alisema, na hakuwa na haraka. "Mtani haachi maziko. Tutachimba, tutapika. Na mimi kama nipo nitanyoosha kidole tena. Safari hii nitakunyooshea wewe, Zainabu. Na watakaocheka watakuwa wanajua."

Nimekaa na wakaguzi wakali na nimewahi kusimama mbele ya mzazi mwenye panga. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mbele ya mwanamke yule mwenye fimbo.

"Unataka tufanye nini, bibi? Nilete kuku?"

"Kuku nitamla kwa meno gani?" Akaanza kufunga kanga yake. "Tatu ananiambia mnabishana kama watoto wakisome au wasikisome. Wakisome. Ila asikisome yule binti wa Mikese, yeye hakuna chake humu. Kisomwe na mtu wa kwenu."

Akainuka. Nilimshika mkono kumteremsha ngazi, naye akaukubali mkono wangu, akalalamikia mawe yanavyoteleza na serikali isivyoyaona. Jioni ile nilimuuliza mama. Alikuwa anachambua njegere. Hakuinua kichwa. Alisema, "Nilicheka kwa sababu ningelia wangejua," akaendelea kuchambua.

Mapendekezo yangu kwa mkuu wa shule yalikuwa mstari mmoja: kitabu kisomwe, na sura ya matuta niifundishe mimi. Mwalimu Neema alidhani hoja zake zimenishinda, akanikumbatia ofisini. Nilimwacha aamini hivyo mpaka leo anaposoma haya. Nisamehe, mwanangu, ulikuwa sahihi kwa sababu zako.

Siku ya kipindi nilifika darasani mapema, jambo baya, kwa sababu nilipata muda wa kuziangalia sura zao wakiingia. Nakala ishirini kwa wanafunzi arobaini, wawili wawili. Tatu alikaa dawati la pili dirishani, mikono juu ya kitabu. Niliandika mada ubaoni na chaki ikakatika mara tatu. Nikawaambia nitasoma mwenyewe kwa sauti, wafuatilie. Nilisoma askari, nikasoma pango, nikasoma asubuhi. Nilipolifikia jina nilisimama. Nje kulikuwa na ukungu, bati la nyumba yetu halikuonekana, na nilishukuru kwa hilo.

Nikalisoma. Kisha nikasema kile ambacho hakimo kitabuni: "Shabani huyu ni kaka wa mama yangu. Ni mjomba wangu. Alilolifanya ni la ukoo wetu, na hatukuwahi kwenda kwa wenyewe kusema."

Msichana mmoja wa nyuma, mgeni kutoka mkoa wa mbali, alimtazama mwenzake kuuliza kama hiyo nayo itakuja kwenye mtihani. Nikaegemea meza. Nilijua saa hiyo hiyo maneno yale yameshaanza kushuka mlima, na siwezi tena kuyabandika.

Tatu akanyoosha mkono, akasimama, kama walivyofundishwa.

"Mwalimu, samahani. Naomba urudie pale."

"Wapi, Tatu?"

"Pale uliposema ni mjomba wako. Bibi kaniambia nisikie mara mbili. Moja yangu, na moja nimpelekee yeye."

Nikashika meza kwa mikono yote miwili, nikarudia.